Siku Altare Ilipobanduliwa Ukutani

Waraka ulifika Keko na mhuri mwekundu wa Askofu.
Padre akausoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo:
Mtaguso umeamua. Altare itoke ukutani.
Padre awatazame watu.

Basi akaitwa babu yangu, Gaspari Mloka, fundi,
mwenye mtaimbo, patasi tatu na kifua cha pumu.
Naye akamwita Mwinshehe Pazi wa kibanda cha jirani,
maana mninga uliochongwa enzi za Mjerumani
hauinuliwi na Wakristo peke yao.

Mwinshehe akavua ndala mlangoni, hakuna aliyemwambia.
Akapima kwa jicho, akauliza:
"Kwa hiyo, Gaspari, kibla chenu kimehama?"
Babu akatema vumbi. "Hakijahama.
Wanasema kilikuwa katikati yetu siku zote."
"Nani wanasema?"
"Walioko Roma."
"Aa," akasema Mwinshehe, akashika upande wake.

Mama Eufrasia, mfuaji wa vitambaa vya altare,
alisimama na beseni kiunoni, wanga haujakauka mikononi.
Miaka kumi na tisa alikuwa akivipiga pasi vitambaa
ambavyo vikishatandikwa hakuruhusiwa kuvigusa.
"Nani ameruhusu?"
Padre akamwonyesha waraka.
"Na aliyeandika, nani alimruhusu?"
Padre akamtaja Baba Mtakatifu.
"Na yeye?"
Padre akamtaja Petro, akataja mwamba, akataja funguo,
akaishiwa, akanyamaza pale gati linapoishia.
Mama akapandisha beseni lake.
"Haya, bandueni. Ila mjue
vitambaa vyangu vilikatwa kwa kipimo cha ukuta."

Nyuma ya altare hapakuwa na siri.
Nilimuuliza babu mara nyingi, nikitaka mifupa ya watakatifu,
barua ya wamisionari, angalau nyoka.
Palikuwa na njia ya mchwa iliyopanda hadi tabenakulo.
Palikuwa na mbao zisizopigwa randa,
zenye meno ya msumeno wa fundi fulani asiye na jina
aliyejua hakuna atakayeona.
Na sarafu moja ya Mjerumani, imeota ukijani.
Mwenyewe aliondoka, sarafu yake ikasahauliwa nyuma ya Mungu,
jina lake tukabaki nalo mifukoni: hela.
Babu akampa Mwinshehe. "Ujira wako."
Mwinshehe akaiuma. "Hii hainunui hata andazi."
Akaitia mfukoni.

Usiku kucha babu alipiga randa mgongo wa altare
ili kanzu ya padre isinase.
Alikohoa mpaka alfajiri. Hakulipwa.

Jumapili kanisa likajaa, watu wakafika hadi mtaroni.
Padre ambaye miaka yote alikuwa mgongo,
mgongo wenye msalaba wa nyuzi za dhahabu, mgongo usiozeeka,
akageuka, akawa mzee:
mdomo unatetemeka, chunjua chini ya jicho,
jasho limetafuta njia hadi kwenye kola.
Benchi la mbele wakatazama miguu yao,
kana kwamba wamemkuta bafuni.

"Bwana awe nanyi."

Kimya.
Walikuwa wakijibu Kilatini kwa ufasaha,
neno kwa neno, bila kuelewa hata moja.
Hiki walikielewa. Kikawashinda.

Padre akaegemea. Altare ikayumba;
sakafu ya Keko haijawahi kuwa sawa.
Akachungulia chini, akapapasa mfukoni,
akautoa waraka, mhuri mwekundu na vyote,
akaukunja mara nne
(Mwinshehe, aliyekuwa dirishani, aliapa ni mara tatu),
akainama na magoti yake yakilia,
akauchomeka chini ya mguu mfupi.

Ikatulia.

Ndipo Mama Eufrasia, kutoka benchi la tatu,
peke yake, kwa sauti ya mtu anayeitikia hodi,
akasema:
"Awe pia rohoni mwako."