Kutoka Shimo la Mnong'onezi

Mimi nawajua kwa viatu.
Kapteni Rodomiro huingia na kisigino kilichopasuka,
amekipaka masizi ili vibanda vya juu visikione.
Mjane Celinda huvaa hariri ya kijani,
hatua zake hazisikiki mpaka atake.

Miaka kumi na moja nimo humu, chini ya mbao za mbele,
kofia ya bati juu ya kichwa, kitabu magotini,
nikiwalisha maneno waliosahau.
Shimo nililirithi kwa marehemu mume wangu
pamoja na kikohozi chake na nusu ya ujira wake.
Nusu, alisema bwana Tolomeo, kwa kuwa sauti ya mwanamke ni nyembamba
na haitumii hewa nyingi.

Mchezo wenyewe mnaujua, hata kama hamjafika Cremona:
mjane ana nyumba, ana mizabibu, ana ulimi.
Waposaji watatu wanabisha hodi. Anawavika aproni.
Mmoja anatunga uzi sindanoni amefumba macho,
mmoja anabembeleza mtoto wa mti,
Kapteni anachekecha unga, upanga ukimgonga matakoni,
na kila akipiga chafya ukumbi unavunjika mbavu.

Nimekisikiliza sana kicheko hicho.
Wanaume wa viti vya mbele hucheka kwa raha ya mkopeshaji:
wamemwazima mamlaka kwa sehemu mbili za mchezo,
na ya tatu wanajua atalipa, riba juu.
Wanawake wa vibandani huanza kucheka mapema
na huacha mapema.

Maana katika sehemu ya tatu Celinda hupiga magoti,
huvua kitita kiunoni na kusema:

     *Twaa funguo za nyumba, mwenye nyumba umtwae,*
     *Ulimi uliotamba, chini yako na ukae.*

Vina vimekaa sawa. Hata mimi, nikivinong'ona, hupenda vinavyoteleza.
Makofi. Fidla. Pazia.
Halafu Ortensia Baldrighi, aliyekuwa Celinda,
huosha poda usoni, na mumewe Tolomeo
hutia sahihi daftarini, mbele ya jina la mkewe,
na kutia fedha mfukoni.

Jumanne ile ya mvua hakupiga magoti.
Nikanong'ona: twaa funguo.
Kimya.
Nikanong'ona tena, twaa funguo za nyumba,
hata mishumaa ikasikika ikiungua.
Gaspare ndani ya ukapteni wake, mkono ameunyosha,
jasho linamtiririka hadi kwenye ukosi.
Ndipo viatu vya kijani vikaja mpaka ukingoni mwa shimo langu.
Akainama. Kuinama si kupiga magoti.
Akaniuliza mbele ya watu mia nne:
"Mama Pellegrina, nasemaje hapa?"

Jina langu halikuwahi kutajwa ukumbini.
Kidole kilikuwa juu ya mstari, na mstari ulikuwepo, wino mweusi tii.
Kwa nini nilifunua nyuma hadi sehemu ya kwanza, sijui.
Labda kikohozi cha marehemu. Labda ile nusu.
Nikasoma kwa sauti yangu nzima, nyembamba vilevile:
"Kaa chini. Unga haujakwisha."

Na Gaspare, maskini, akakaa.
Akashika chekeche.
Kicheko kilianzia juu, vibandani,
kikashuka ngazi kikitafuta pa kukaa;
viti vya mbele havikukisogelea.

Tulikatwa ujira wa wiki mbili, yeye na mimi,
mimi nusu ya wiki mbili, haki bin haki.
Jumatano alipiga magoti. Hakuruka hata silabi.
Ila alipokivua kitita, ufunguo mmoja,
wa risasi, uliopakwa rangi ya shaba,
ulichomoka, ukateleza kwenye mbao, ukaniangukia magotini.
Hakuna aliyezihesabu.

Hauna kufuli popote.
Upepo ukipita chini ya jukwaa
naushikizia ukurasa,
ule wa unga.