Ala

Mbarouk Shaame, fundi ngozi wa Wete,
hajafyatua risasi hata moja.
Bastola huzipima kwa futi ya cherehani,
mtutu kwanza, maswali baadaye.

Inchi mbili: huyo huificha chini ya koti,
hutembea nyuma ya mkubwa.
"Kelele nyingi, shabaha haba," husema,
na ala huikata fupi kama kauli ya mwenye deni.

Inchi sita kaiona mara moja tu,
ya mlenga shabaha kutoka Unguja.
Akiketi, ilimchoma paja.
"Hii ya kugombana na karatasi."

Inchi nne ni za koplo wa bandarini:
hazimbani kwenye kiti,
na risasi haisahau ilikotumwa.

Jana Bi Tumu kaleta ala ya marehemu.
Tupu; serikali ilishachukua chake.
"Ipunguze."
Akatoa kikapuni kisu cha muhogo,
mpini umezungushwa uzi wa nailoni.

Mbarouk akapima mara mbili.
"Urefu ni ule ule, bibi.
Kilichozidi upana."

Akapitisha sindano pale ngozi ilipotuna,
pale chuma kililala miaka kumi na saba,
akaivuta, taratibu,
mpaka ikashika.