Shimo la Dole Gumba

Nimebonyeza mguu wa mama juu ya kifundo,
nikahesabu hadi tano, nikaondoa dole.
Shimo likabaki palepale
kama alama ya chupa kwenye mchanga wa stesheni,
likajaa taratibu, kwa uvivu,
mithili ya mtu asiyetaka kuamshwa.

"Maji haya yametoka wapi," ananiuliza,
"nawe kunywa umenipimia kwa kikombe?"

Miaka ishirini na mitatu, Nyamizi binti Kasubi
aliuza asali kwenye madirisha ya treni, hapa Tabora.
Usiku wa manane gari lilipoingia likihema,
mabehewa ya Mwanza yakikatwa,
ya Kigoma yakingoja kichwa chao,
yeye alikwishajua dirisha lipi lina njaa.
Chupa juu, noti chini.
Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepanda,
na mji ulikula, na treni ikala.

Basi namweleza kwa lugha yake.
Damu, mama, ni treni.
Hutoka moyoni kwa kishindo, kwenye reli pana,
kisha reli hugawanyika, na vijireli hugawanyika tena,
mpaka kwenye vistesheni visivyo na ubao wa jina.
Humo chembe nyekundu hupita mojamoja,
nyingine zimekunja mabega.
Mwendo hupungua. Hapo ndipo soko.
Ukuta wa behewa ni seli moja tu,
mwembamba kupita utando wa uji uliopoa.
Hewa safi haitafuti dirisha, hupenya ukuta wenyewe
kama harufu ya migebuka ya Kigoma ipenyavyo gunia.
Sukari na chumvi hupitia kwenye nyufa,
maji nayo husukumwa nje na kile kishindo cha nyuma,
na nje nyama ya mwili inapokea,
inarudisha hewa iliyokwisha kazi.

"Na maji yakishatoka, nani huyarudisha?"

Mama hakusoma, ila amefanya biashara:
anajua hesabu huharibikia wapi.

Wapo abiria, nikasema, wasiopita dirishani.
Albumini ndilo jina lao. Wanene, wamekalia mizigo yao,
na maji huwapenda.
Kishindo kikichoka, mwisho wa stesheni,
huyaita: rudini ndani, safari bado.
Yanayochelewa hushika njia ya miguu, njia ya limfu,
yakaingilia mlango wa nyuma, karibu na moyo.

Nikanyamaza hapo. Nilikuwa na habari ya povu.
Kikopo cha asubuhi, maabara ya Kitete,
kijiti kikageuka kijani
kabla sijafikia sekunde zake.
Figo nayo ni stesheni, mama, ina chujio,
na chujio lako limetanuka.
Wale wanene wanashuka usiku na mchana, bila tiketi,
na ndani hakuna aliyebaki wa kuyaita maji.

Akautazama mguu kama mguu wa jirani.
Kisha akacheka, kicheko kilekile cha saa nane za usiku:
"Chupa ikivujia chini, usilaumu kizibo.
Mimi nililaumu viatu."

Nimemwandikia vidonge. Nimemwandikia chakula bila chumvi,
na hilo ndilo lililomuuma.
Chumvi ya Uvinza aliyoletewa na mdogo wake
iko rafuni, kwenye kitambaa kilichofungwa fundo mbili.
Jana, mvua zikinyesha, aliishusha akaniwekea mkononi.
Kitambaa kimelowa.
"Hii nani kaimwagia maji?"

Hakuna, nikasema. Imeyaita yenyewe, hewani.

"Yamepitia wapi?"

Nikakigeuza kitambaa upande huu na huu
chini ya taa, tukitafuta, mimi na yeye,
vichwa vimegusana.
Hatukuona tundu.