Kiti cha Bwana Crandall

Alikileta kimeviringishwa blanketi, theluji ikimdondoka mabegani.
"Cha Washeka," alisema. "Nimelipa bei ya gari."
Delphine Ouellette hakumjibu. Alikipindua
miguu juu, kama mkunga.

"Kwanza nyayo." Aliniambia mimi, si yeye.
Kiti chao, miguu ya nyuma, kina gololi ya mti
iliyolala kikombeni, imeshikwa kwa uzi wa ngozi,
ili aegemeaye nyuma asitoboe sakafu ya ndugu zake.
Hiki kilivaa mpira wa dukani.

Akapitisha kidole chini ya upao wa mbele,
pale ambapo jicho halina safari.
Wale waliotikisika wakisali,
waume mlango huu, wake mlango ule,
walipiga randa hata tumbo la droo,
maana Mungu, walidhani, hukagua kuanzia chini.
Hapa gundi ilikuwa imechuruzika ikaganda
kama kamasi.

Akajaribu kukiinua kwa vidole viwili.
Chao ni chepesi: jioni hutundikwa
kichwa chini kwenye vigingi vya ukutani,
vumbi lisikalie kalio, ufagio upite.
Hiki kilimrudisha mkono chini.

"Lakini maua haya ya mgongoni? Yamechongwa kwa mkono!"
"Maua yapo bustanini," alisema Delphine.

Kizuri chajiuza, lakini hiki
kilikuwa kimetembezwa Maine nzima.

Bwana Crandall akaketi. Hakuna aliyemkaribisha.
Kigoda kilikuwa pale tu, cha msonobari, kina madoa ya rangi,
pembe zake zimeumana kwa meno ya mkia wa mbayuwayu,
tundu moja la mkono katikati, basi.
Alikaa kitambo. Kisha akakiinamia, akakichungulia chini.
Randa ilikuwa imefika hata huko.

"Hiki nacho?"
"Cha baba. Mwaka ule kiwanda cha karatasi kilipofungwa.
Alikuwa mlevi, na kanisani alikwenda mara moja,
akiwa amebebwa."
"Kwa hiyo si cha Washeka."
"Si cha Washeka."
"Unakiuza?"

Theluji yake ilikwisha kuwa dimbwi sakafuni.
Delphine alichukua ufagio na tambara.
"Simama kidogo," alimwambia,
akakichukua kigoda kwa kidole kimoja,
akakitundika kigingini, akaanza kufagia
pale alipokuwa ameketi.