Injini ya Bano

Tokeni zimebaki nane nukta tatu.
Ghorofa ya tano, Pipeline. Nguo za jirani
zinadondokea dirisha langu
kama mtu anayehesabu bila haja ya jumla.

Nimefungua injini tatu za michezo
na mchezo wenyewe sijauanza.

Javaskripti naijua.
Naijua kama ngazi za jengo hili:
kidato kilichomeguka nakiruka gizani,
mtungi wa maji begani.
Ukiipa namba na neno, ikijumlisha, haikugombezi,
inakubandikia tu, hivyo hivyo,
kama fundi asiyetaka kukosana na mteja.
Tumezoeana.

Ila injini ni ndoa.
Kuachana kunawezekana,
lakini mtagawana masufuria.

Ya kwanza ilikuja na mali:
jua lake, vivuli vyake, ukungu,
maji yanayometameta ambayo sikuyaomba.
Megabaiti kumi na nne kabla ya gololi moja.
Nikampa Okwemba, mtoto wa dada yangu,
kwenye simu ya mama yake, ile ya kioo kilichopasuka.
Tukangoja.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
bando la shilingi ishirini likakata
kiduara kikizunguka.
"Anti," akauliza, "hapa nimeshinda ama?"

Ya pili, nyepesi kama ganda la kitunguu.
Ikafunguka kabla sijavuta kiti.
Lakini mwenyewe hayupo, mwaka wa tatu sasa;
maswali ya watu yamerundikana mlangoni pake
kama bili za maji
za mpangaji aliyehama usiku.

Ya tatu imesoma fizikia.
Gololi inaanguka inavyopasa,
inagonga nyenzake, inarudi,
pembe ya kwenda sawa na pembe ya kurudi.
Nikafurahi. Nikapika chai ya kujipongeza.
Okwemba akaitazama, kichwa upande:
"Hii bano haijawahi kushikwa na mtu."

Nikaiacha chai ikapoa.

Yangu ilikuwa ya kijani, na jeraha ubavuni,
tangu siku iliyogonga jiwe la kunolea
nyuma ya karakana ya vyuma, Kariobangi.
Shimo tulilichimba kwa kisigino.
Mvua ikinyesha, udongo ulishika mpira wa vidole,
jua likiwaka, bano iliteleza hadi mtaroni.
Na ile yangu, piga utakavyo,
ilipofika mwisho ilipinda kushoto, kidogo tu,
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.
Mutinda wa mlango wa saba aliijua tabia hiyo.
Akaipigia hesabu wiki nzima.
Akainyakua Jumamosi, mbele ya watu,
nami nikasema nina kazi nyumbani.

Injini zote hizi zinajua mvuto wa dunia.
Udongo wa Kariobangi haumo.

Basi nimerudi kwa ile yatima.
Si kwa huruma, huruma hailipi kodi.
Ni kwamba nimeisoma yote,
kuanzia saa tatu hadi saa sita usiku,
mstari kwa mstari, na sikupotea.
Katikati nikakuta mahali palipoandikwa
kwamba kila mviringo ni mviringo kamili.
Nikapafuta.
Nikaandika mistari kumi na mmoja:
kila bano izaliwe na kovu lake,
na kovu lisibadilike hadi mwisho wa mchezo.

Ikiharibika kesho, fundi ni mimi.
Najua. Niliifikiria hiyo
nikisikiliza maji ya jirani.

Asubuhi Okwemba amekaa mlangoni, viatu mkononi,
gari la shule likipiga honi huko chini.
Anavuta kidole, anaachia.
"Imeenda kushoto!"
Anavuta tena, macho yamembana.
"Anti, hii imeharibika, inaenda kushoto."

Simu hajaiweka chini.
Honi ya pili. Anasogeza kidole
kulia, kidogo tu.