Kalamu Isiyoandika

Mume wangu Chansa ana kalamu isiyoandika.
Ilitoka Kasumbalesa ndani ya boksi jeusi
lenye maneno ya Kichina ambayo mtaa mzima umeshayafasiri:
bangi, alisema jirani wa kushoto,
hirizi, alisema wa kulia.
Watoto wa Katuba hawana shaka yoyote.
Akipita, wanapiga honi ya treni.

Miaka thelathini na mmoja alivuta sigara kavu,
pakiti moja kabla ya zamu, nusu baadaye,
na hakuna aliyegeuza shingo.
Moshi ule ulikuwa na heshima zake,
moshi wa mwanaume anayetoka kazini.
Huu wa leo unanuka embe,
na mwanaume anayenuka embe, huku kwetu,
lazima ajieleze.

Shemasi Mulunda alikuja Jumapili. Alikaa. Alikula.
"Dada, mvuke na moshi ni ndugu wa tumbo moja."
Nikamtazama: amekaa karibu na mbabula yangu,
makala mabichi yanamtoa machozi,
na mama mkwe pembeni ananusa tumbaku yake,
anapiga chafya, anamshukuru Mungu.
Sikujibu. Nilimwongeza sombe.

Dukani kwa dawa nilimuuliza Odile.
Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti.
"Mama, pengine hili ni shimo fupi kuliko lile la kwanza.
Lakini ni shimo, na mimi kina chake sijakipima."
Nilimpenda kwa kutojua kwake.

Sitaki kudanganya: kikohozi cha alfajiri kimepungua.
Sitaki kudanganya mara ya pili:
zamani alivutia nje, kwenye ukuta wa matofali,
akamaliza, akarudi kwangu.
Sasa hamalizi. Ananyonya kitandani, chooni,
katikati ya sentensi,
na umeme ukikatika siku tatu
anakwenda kwa mwenye jenereta
kulipa faranga mia tano aichaji,
simu yangu ikiwa imezima.

Kisha Mwepu akafa.
Waliyeyusha shaba pamoja, yeye na Chansa.
Kwenye kilio wanaume walikesha wakizunguka gogo la moto,
pakiti ikapita mkono kwa mkono,
ikamfikia, akaipitisha.
Akatoa kalamu. Taa ndogo ya bluu.
Viti vya plastiki vikaacha kulia.
"Hiyo ni dawa?" mmoja akauliza.
"Hapana. Ni deni lilelile.
Nimebadilisha tu anayenidai."

Hakuna aliyecheka.
Mjane aliinuka mkekani, akaomba aishike.
Akaigeuzageuza kama anayepima samaki sokoni.
"Nyepesi," akasema. "Ingekuja mapema..."
Akaiacha hapo,
na katika watu wote wale, wenye majibu ya kila kitu,
hakupatikana wa kummalizia.

Alfajiri tulirudi kwa miguu.
Bomba la kiwanda lilikuwa palepale,
kando ya mlima wake mweusi,
halitoi kitu.
Mji huu ulilivuta miaka na miaka
bila kununua hata pakiti moja.
Chansa akasimama kulitazama, mkono mfukoni.
Nikasubiri embe.
Akakohoa tu, kile kikohozi cha zamani,
akanishika kiwiko,
tukavuka reli.