Kiporo cha Saa Nne Usiku

Treni ya Butterworth imechelewa tena.
Miaka thelathini na moja niliwasha taa nyekundu, taa kijani,
nikikijua kila kichwa cha treni kwa kikohozi chake;
leo nahesabu dakika kwa njaa ya mtoto.
"Ayah, usipike," kaandika. "Nitakula tunda."
Tunda!
Mtu atoke kazini, asafiri na mvua yote hii ya Taiping,
aje alale na papai?

Wali upo. Wa jana, kwenye friji, umekauka,
punje na punje hazisemeshani
kama ndugu waliogombea shamba.
Ndio unaotakiwa. Wali mpya hushikamana, hunywa mafuta;
kiporo kina adabu ya moto.
Waliosema haraka haina baraka
hawakuwahi kukaanga kiporo.

Nashusha kinu cha jiwe cha marehemu Salmiah.
Pilipili kavu sita, nimeziloweka.
Mbichi nne, zile ndogo zenye hasira za mtu mfupi.
Vitunguu vyekundu vya ukubwa wa gololi, saumu punje tatu.
Natwanga. Jicho la kushoto linalia,
la kulia linavumilia.
Na mkono, wenyewe, bila kuniuliza,
umepanda rafuni, nyuma ya kopo la majani ya chai.

Chupa ya belacan.
Uduvi alioutwanga mwenyewe, akauanika
kwa jua la huku, jua la kuvizia,
miezi mitatu kabla ya hospitali.
Imebaki robo. Sijaigusa tangu tumzike.
Bila hicho, alikuwa akisema, wali ni bubu.

Na Ruhana hali kilichowahi kuwa na macho.
Alisema hivyo siku ya Idi, mbele ya shangazi zake:
nyama hataki, yai hataki, dagaa hataki,
"kwani uduvi hauna macho, Ayah?"
Nikamjibu vibaya. Nikasema:
basi mama yako alikulisha nini miaka yote?
Akainuka na sahani yake.
Miezi minane.

Nairudisha chupa.
Leo hapana, Salmiah. Nisamehe.

Jirani yangu Bibi Kuan kanipa soya iliyochachuka
ndani ya kikombe cha plastiki, na maelekezo kwa vidole:
kijiko kimoja, siyo viwili;
na kipande cha mwani, ukibabue,
utakiona kinakumbuka bahari.

Karai linafuka. Mafuta. Kitoweo cha kinuni ndani —
paka kakimbia, mimi nimepiga chafya tatu.
Koroga mpaka mafuta yajitenge, mekundu.
Maharage mabichi, ya mshazari. Tofu. Konzi ya kangkung.
Wali sasa. Sosi ya soya ipite ukingoni mwa karai,
iungue kidogo kabla ya kufika.
Geuza, usiponde. Geuza. Halafu uache,
ushike chini, ufanye ukoko.

Naonja.
Si bubu.
Una kigugumizi, lakini una la kusema.

Lango. Mwavuli. Viatu vinavyolia maji.
Kala amesimama, kama mama yake,
jasho juu ya mdomo, kamasi, kimya.
"Umetia nini?"
"Vya Bibi Kuan."
Kakamulia ndimu. Kapakua tena.

Kisha kaosha mikono, kaitazama rafu.
"Ile chupa ya Mama bado ipo?"
Nikajua vita vimerudi.
Akaishusha. Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania,
akakizungusha na pindo la blauzi,
akaisogeza puani, akafumba macho.
Hakuonja. Alinusa tu,
muda wa treni ndefu ya mizigo kupita kivukoni,
nami nikawa nakwangua ukoko
ulioisha zamani.

"Ifunge vizuri," nikamwambia, "harufu isitoke."

Akaifunga.
Akaifungua tena.